Miraba Saba

Darini Langoni, Lali katandaza ramani ya Mkanda,
manowari zake za sabuni ya mche
zimeelekeza pua Manda.
Mabomu yangu ya kutega hayaonekani:
miraba saba,
nimeiandika nyuma ya risiti ya unga,
nikaikunja, nikailaza chini ya kikombe.

Zamu ya nne akapanda Somoe,
akaitwaa risiti, akawashia jiko.

Sasa hata mimi sijui.
Jimu tano? Au dali tano?
Lali anausoma uso wangu,
mimi nayasoma maji ya wino wa buluu.
Hakuna anayesogeza chombo.

Mishikaki ikaiva.
Somoe akanyoosha mkono, akakata mkondo wote
kiwiko kikiburura,
akachukua manowari moja,
akanawia.