Hesabu Tatu

Mwaka wangu wa kwanza niliwapa arobaini.
Arobaini, kila jioni, ukurasa mzima wa kitabu,
na sauti yangu ikishindana na kengele mlangoni:
"Na zile zenye nyota pia!"
Nilidhani wingi ndio ukali, na ukali ndio ualimu.

Huku Imereti, mji wa manganizi, vumbi jeusi
hulala hata kwenye majalada ya madaftari.
Nilikuwa nalipangusa, nafungua, naweka vema,
vema, vema, bila kusoma,
mpaka Tekle, binti wa dereva wa lori,
alipoandika katikati ya hesabu ya kumi na tisa:
*Mwalimu Tsiala, ukifika hapa chora samaki.*

Nikaweka vema.

Alinionyesha mbele ya wenzake, wala hakucheka.
Afadhali angecheka.

Tena kulikuwa na Zuka, wa kule juu mlimani.
Daftari tupu, siku nane mfululizo.
Nikaandika kwa wino mwekundu, MVIVU,
na siku ya tisa nikapanda kigari cha kebo
kinachovuka bonde kikilia kutu,
daftari kwapani kama hati ya mashtaka.

Bibi yake, Nazibrola, alinipa kiwiko nikishike;
viganja vilikuwa vyeusi kwa maganda ya jozi.
Meza ilikuwa moja.
Juu yake gunia la kokwa za jozi za kubangua,
kichanga cha dada mtu kikibadilishwa nepi,
mshumaa, maana umeme ulikatwa tangu Jumatatu,
na pembeni nafasi ya upana wa sahani.
"Hapo," akasema Zuka, "ni pangu kuanzia saa nne usiku."

Nikaketi. Nikabangua.
Akanieleza: kilo yenye maganda, lari sita;
kilo safi, kumi na tano; mbili za maganda huzaa moja safi;
basi faida lari tatu, "toa mshumaa, Mwalimu,"
na mimi kalamu ilikuwa bado mkobani.
Neno langu jekundu lilikaa pale mezani
likinikodolea macho.

Nikishuka na kigari cha mwisho nilipiga hesabu yangu:
watoto thelathini na wawili mara arobaini,
elfu moja mia mbili na themanini kila usiku.
Asome nani? Kwa macho ya nani?
Kazi usiyoisahihisha ni deni,
na mtoto ni mdai asiyebisha hodi;
siku moja huacha tu kukuamini.

Sasa nawapa tatu.
Naziandika ubaoni kengele ikiwa bado mbali,
waianze ya kwanza mikononi mwangu,
aulize wa kuuliza, asinong'one njiani.
Ya pili ni hiyohiyo iliyobadili koti.
Ya tatu inawazidi kidogo, makusudi,
na anayekwama aandike pale alipokwamia.
Hapo ndipo napataka. Hapo ndipo naanzia kesho.
Dakika ishirini zikiisha, kalamu chini,
na asiye na meza, darasa langu liko wazi, jiko lina kuni.

Baba yake Tekle alikuja na buti zake za matope:
"Tatu? Wa Kutaisi wanapewa kurasa!"
Nikamfungulia daftari la bintiye,
nikamsomea kosa moja, lilikotoka, lilivyonyooshwa.
Alisikiliza. Sijui kama alikubali.
Aliondoka bila kuaga, lakini mlango hakuubamiza.

Wapo wasiofanya hata hizo tatu.
Wapo wanaonakili kwenye kigari, nawaona kwa mwandiko
unaotetemeka kila nguzo inapopitwa.

Jana Zuka alileta mbili sahihi.
Chini ya ya tatu, kwa penseli:
*Nimekwama kwenye mabano. Pia mshumaa.*
Nimeandika pembeni, kwa wino wa bluu,
njoo mapema, tuanze na mabano.

Halafu nikafungua la Tekle,
na samaki wangu, Mungu anisamehe,
anafanana na kiatu.