Daftari la Vipimo

Barabara ya Nane, Ngamiani, mlango wa buluu:
hapa nashona majoho ya mawakili
tangu baba aliponiachia mkasi.
Daftari lake lina safu nne,
Bwana, bega, kifua, urefu.
Ile ya kwanza aliichora kwa rula,
hakuwaza kwamba iko siku itabana.

Zeyana Shekiondo aliingia mwezi wa Shaabani,
viatu vina vumbi jekundu la Lushoto.
Akasema, "Joho."
Nikamuuliza, "La mumeo?"
Hakununa. Alinyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa,
akangoja futi kamba.
Nilipima hewa, shibiri nzima mbali na mwili,
ndiyo maana joho lile likamvaa yeye
badala ya yeye kulivaa.

Siku ya tatu karudi.
"Fundi, humu ndani mna mwanamume. Mtoe."

Nikafumua mabega usiku kucha,
nikagundua kiolezo cha baba, kile cha karatasi ya saruji,
ni mwili wa mtu mmoja tu,
wakili Mgoa aliyekufa kabla sijabalehe.
Mji mzima ulikuwa ukijibanza ndani ya marehemu.

Alinisimulia, nikimfupishia pindo,
jinsi karani anavyotoka barazani na kuita,
"Wakili wa mdai yuko wapi?"
naye amesimama mbele yake, faili kwapani,
na karani anachungulia nyuma yake.
"Kiswahili chenyewe hakina ubaya, fundi.
Wakili ni wakili, yeye ni yeye,
'amesimama' haijawahi kuuliza mtu kavaa nini.
Lugha ilishanivutia kiti.
Watu ndio wanaokikalia."

Baada yake akaja Hilda Mhina wa Muheza,
akataka mfuko wa ndani, wa nauli za wateja.
Akaja Mwanamgeni, Mdigo wa Moa, mimba ya miezi saba,
akataka joho la kukua.
Akaja mwingine, jina silitaji,
akataka vishikizo vya siri kifuani:
kesi saa nne, na mtoto naye ana saa yake.
Nilishona yote. Nikapandisha bei kidogo. Sikuona aibu.

Halafu dada yangu Mwanaate akanishitaki.

Nyumba ya baba, mlango wa buluu, cherehani mbili.
Theluthi yake niliikalia miaka kumi na tisa
nikiiita "subiri".
Nikaingia mahakamani na koti langu la Idi,
nikaona mgongo ninaoujua.
Mishono ile yangu. Mkunjo wa bega la kushoto,
niliufumua mara mbili, wangu.
Zeyana hakugeuka.
Aliposimama, joho halikumvuta popote,
mkono ulipanda bila kitambaa kulalamika,
na kila sentensi ilitoka imepigwa pasi.
Hakimu alikuwa bado anaandika,
mimi nishajua nimeshindwa,
na nishajua, Mungu anisamehe,
kwamba lile joho nililikata vizuri.

Sasa Mwanaate anakaa cherehani ya dirishani, yenye mwanga.
Hatuzungumzi sana.
Bobini zake ananiazima.

Jana Zeyana kaja tena.
Mawakili wa mkoa wamemchagua awaongoze,
kura thelathini na moja kwa ishirini na nane.
"Na kumi katika walionipa," anasema,
"wanadhani nitaanza kwa kupanga chai."
Anataka joho jipya.

Nikafungua daftari. Kalamu ikasimama
juu ya neno la baba.
Mwanaate akanyoosha mkono, hakuomba ruhusa,
akalipiga mstari *Bwana*,
wala hakuandika kitu badala yake.
"Lete futi," akasema. "Wewe andika."

Akapima yeye, mkono juu ya mwili, si juu ya hewa,
akasoma kwa sauti ambayo sijamsikia nayo
tangu tukiwa watoto.

Bega, kumi na tano na nusu.
Nikaandika.
"Na nusu," akarudia. "Usiile."