Mshumaa wa Mugunga

Siku ile Mwalimu Kahindo hakugusa tablo.
Alisimama mlangoni, kitenge kimepandishwa magotini,
miguuni buti za mpira za kwendea shamba,
akasema: makaye yaacheni, bik ziacheni.
Kila mtu aje na mikono yake.
Tukacheka. Nani huiacha nyumbani?

Tulikuwa arobaini na watatu
nyuma ya Mugunga, juu ya mawe meusi
yaliyowahi kutiririka kama uji.
Sumbuko alianguka mara mbili kabla ya saa tatu.
Goti likachanika. Mwalimu akalifunga kwa leso, akasema:
"Sasa unajua jiwe hili bado ni changa.
Lililozeeka halikati hivyo."
Na kweli. Lile la zama za babu zetu
lilikuwa limeota ngozi, ukoga wa kijivu
uliobaki kwenye kucha zangu mpaka Jumapili.
Katika ufa wake, vumbi la kujaza kijiko.
Katika vumbi, jani moja la kangaga
limejikunja kama sikio la mtoto mchanga.
Kutoka moto hadi jani, miaka mingapi?
Tulibishana njia nzima. Hakutujibu hata leo.

Lakini ninachotaka kuandika ni shimo.

Lilikuwa bonde dogo tu,
majani yake mabichi kuliko yote tuliyopita,
na mimi nilikuwa na kiu ya kivuli.
Byamungu akanidaka shati kwa nyuma.
Byamungu wa sifuri ya imla kila Jumatatu,
wa benchi la mwisho, mwenye harufu ya mbuzi wa mjomba wake.
"Pale hapana," akasema. "Mbuzi hawashuki."
Mwalimu akasogea, akakaa juu ya jiwe kama mwanafunzi.
Mshumaa aliokuja nao akampa yeye.

Akaufunga kwenye ncha ya mwanzi, akauwasha,
akalala kifudifudi ukingoni, akauteremsha
taratibu, kama anayelaza mtoto aliyechelewa kusinzia.
Upepo haukuwapo. Hata unyasi haukutikisika.
Chini kidogo ya ukingo moto ukawa mfupi,
mkono mmoja zaidi ukawa buluu,
kisha mwanzi ukawa mwanzi tu.
Moshi haukupanda. Ulitandaza mkeka hewani, ukalala.

"Nani amepuliza?" Mwalimu akauliza.

Ndipo tukamwona ndege, kifua cha njano,
mabawa mazima, hana jeraha.
Pembeni yake panya. Na kunguru
aliyekuja kumla panya.

"Mazuku," Byamungu akasema,
kama mtu anayemtaja jirani.
Akaendelea, bila kutazama mtu:
alfajiri ndiyo mbaya, jua likipanda hulegea.
Mdogo wako mbebe mabegani, si mgongoni.
Kifua kikibana usikae, usiite mtu. Panda.
Alisema "panda" mara tatu.
Mwalimu, aliyetukataza bik, alikuwa na moja,
anaandika kwenye kiganja chake.

Mwaka uliofuata mtihani uliuliza hewa ya kaboni.
Niliandika: ni nzito, haionekani, hukaa mabondeni,
nikaongeza jina lake na mahali inapolala.
Tisa kwa kumi. Mstari mwekundu chini ya "mazuku",
na maneno mawili ya mkaguzi: Si rasmi.
Byamungu hakuwa chumbani. Ada ilikuwa imemshinda mjomba.
Nasikia siku hizi anasukuma chukudu la makala, njia ya Sake.

Juzi watu walifika tena, magodoro vichwani,
wakifunga mahema popote palipokuwa wazi.
Mama mmoja alikuwa amechagua bondeni:
majani laini, hakuna baridi, watoto wake wawili wamekwisha keti.
Kihunde changu ni kibovu. Nilisema neno moja, akatabasamu tu.
Nikatoa mshumaa mfukoni,
nikapiga magoti kwenye mawe, nikaushusha.

Aliutazama ulivyokufa.
Kabla sijasimama, alikuwa amewanyanyua wote wawili.