Ua la Mchopa

Nilibangua korosho miaka kumi na tisa.
Utomvu wa ganda ulinichuna viganja,
nikapaka jivu, kesho yake nikarudi mezani.
Msiniambie mimi habari za muwasho.

Lakini huu ulinikuta nimekaa,
ndani, Chikongola, katika eda,
sina ninachoshika ila tasbihi
na kitambaa cha kufutia vumbi.

Kwanza kope. Zikaumuka kama maandazi.
Kisha midomo, kisha vipele vikaupanda mkono wa kulia,
vikafika kiwikoni, vikapumzika.
Nikaacha pweza. Nikaacha dagaa.
Nikatupa sabuni ya kunukia, nikarudia ya mche.
Bi Nangumbi akaniinamia sikioni:
"Marehemu ana deni lake kwako. Likumbuke."
Nikalitafuta hilo deni usiku kucha
huku najikuna.

Hospitali ya Ligula, tabibu binti mdogo,
miwani imemshukia puani,
hakuuliza nimekula nini.
"Mama, kila Ijumaa unafanya nini?"

Nafuta majani.

Ua lake. La sebuleni, majani mapana,
mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika.
Kampuni ya gesi ilipofunga ofisi kule Shangani
walinzi wenziwe walibeba viti, mmoja akabeba feni.
Mchopa alirudi na chungu,
kakipakata juu ya bodaboda kama mtoto mwenye homa.
Miaka saba alilifuta mwenyewe, jani kwa jani,
nami namcheka: halizai, halinukii, haliliwi.
Sikuwahi kuligusa.
Alipokufa ndipo nilipoliona vumbi.

"Ni maji yake hayo," akasema yule binti.
"Baba hayakumdhuru, wewe yanakudhuru. Ngozi hazifanani."
Nikamjibu, hata sisi wenyewe hatukufanana.
Akaandika dawa ya kupaka.

Selemani alitaka kulipeleka jalalani.
Nikamwambia, uwani, juu ya ukuta,
wasipofika wajukuu wanaotafuna kila kitu.

Kope zimetua sasa.
Asubuhi nalimwagia maji kupitia nondo za dirisha,
kwa kata yenye mpini mrefu.
Tunasalimiana kwa mbali, kama mtu na mkwewe.
Masika mvua inalifuta.
Kiangazi vumbi linalala pale pale,
jani kwa jani, mimi nalitazama,
na mkono wa kulia unaniwasha,
wala hauna kipele hata kimoja.