Toleo la Kwanza

Nyamweya haniulizi tena nataka nini.
Nikiinama tu penye turubai lake, Barabara ya Luthuli,
kati ya mitihani ya zamani na vitabu vya mapishi,
ananong'ona kama muuza magendo:
"Mwalimu, kuna marehemu Karen. Wanawe wanauza kila kitu."

Ndivyo kilivyonifikia:
ngozi ya ndama iliyobabuka mgongoni,
mwaka wa elfu moja mia nane na ishirini na kitu,
jina la mchapaji lipo, la mtunzi halipo.
Shilingi mia nne.
Nilimpa mia tano, nikaogopa kungoja chenji.

Nyumbani Buruburu kabati la vyombo halina vyombo.
Syombua anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki
akihesabu migongo: "Wazungu kumi na mmoja, Musembi,
wote wamekufa kwa mapenzi na kikohozi,
na hakuna hata mmoja anayechangia kodi."
Katikati yao nimepanga karafuu,
na vile vijipakiti vya maboksi ya viatu
vinyonye unyevu wa masika.

Lakini hiki.
Nilikifungua usiku ule, kikakataa.
Kurasa zimeshikana kingo, hazijawahi kukatwa.
Miaka mia mbili, melini, relini, sebule hadi sebule,
kimerithiwa, kimepanguswa vumbi,
hakijasomwa.

Dalali wa Westlands, kwa simu, sauti imemkauka:
"Usikikate! Bei yake ni huko kufungwa.
Ukikikata umeezua paa la nyumba yako."
Juu yangu dari ilikuwa ikivuja kwenye sufuria.

Wiki tatu nilisoma kwa kuchungulia,
jicho moja ndani ya mkunjo,
nikaokota vipande: *umande*, *ole*, *na yule asiye*,
ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta.

Jumapili Syombua akatoka jikoni
na kisu cha kukatia sukuma,
akakifuta kwa leso, akakiweka mezani.
Hakusema neno. Akavuta kiti.

Karatasi ikalia kama bafta inayochanwa.
Vumbi lenye umri kuliko Nairobi likatupanda puani,
tukapiga chafya, yeye mbili, mimi tatu.
Ukurasa wa kumi na nne. Nikamtafsiria:
mtu, mvua, dirisha linalovuja,
na mke anayemwita aache kuandika, chakula kinapoa.

Syombua alicheka hadi akashika meza.
Kisha akanisogezea taa.
"Rudia," akasema. "Polepole.
Mwenzako amengoja."