Doa la Chungwa

Leo nimekabidhi funguo za kabati la asidi
na daftari thelathini na moja.
La tisa lina duara la kikombe cha chai:
mwaka ule wa mvua, barabara ya Amani ilipokatika juu ya Kisiwani,
tukalala siku nne na magunia ya magamba ya mkwinini,
tukila mihogo ya mama mmoja aliyeuliza,
"Hivi nyie mnalipwa kuonja miti?"

Nikasema ndiyo.
Barua yangu ya ajira haijawahi kusema kweli namna hiyo.

Lugha ilinitangulia maabara:
chungu, chunguza, chungwa.
Chungu ni ulimi wa Hoza, fundi wangu,
anayetafuna jani, anatema, anafuta ndevu:
"Hili lina jambo."
Alikosea mara mbili tu,
na mara moja midomo yake ilikufa ganzi mpaka magharibi.

Chunguza ni kinu, spiriti, tone la asidi,
amonia ya kukuliza bila msiba,
chujio, subira, tone moja kwenye bamba jeupe.
Kisha nyunyiza dawa, usipumue,
na doa linaiva polepole
rangi ya machungwa yanayomwagwa kwenye turubai stendi ya Muheza.
Vitabu viliita alkaloidi.
Hoza alipaza sauti dirishani: "Limeiva!"

Miaka kumi na mmoja nilifuata mmea mmoja,
mtambaazi wa maua ya zambarau
uliokaba ua wa zahanati kule Mkanyageni.
Kila jani nililifuta kwa pamba,
kwani juu yake palikuwa na unga mweupe, kama vumbi la chaki,
na mimi nilitaka sampuli safi.
Nikaandika, nikapiga chapa, nikasimama kwenye mikutano:
Mmea huu hutengeneza.

Akaja Rehani Mntangi, mwanafunzi wa maneno machache.
Alichovya vipandikizi kwenye dawa ya kuvu,
ile ile wanayonyunyizia nyanya Lushoto.
Majani mapya yakatoka, mabichi, mazima, bila unga.
Bamba likabaki jeupe.
Akarudia. Jeupe.
Mara ya tatu alisimama mlangoni, mikono nyuma:
"Mwalimu, nadhani nimeharibu dawa."

Hakuharibu kitu.
Mwenye nyumba nilimpa sifa za mpangaji.
Kuvu ndiyo iliyopika;
mmea ulitoa kivuli, sukari, na jina.
Na mimi, kwa pamba yangu safi,
nimemfuta mpishi kila Jumanne.

Marekebisho yalikuwa mistari kumi na minne.
Nilichukua wiki sita kuyaandika.

Sijui kwa nini hapo ndipo namkumbuka Mwanahija.
Bombo, saa nane usiku, mtoto ameshalia,
damu ya dada yangu haitaki kusimama.
Muuguzi akafungua friji lenye kutu,
akatoa kichupa kidogo kuliko kidole,
na ndani yake, binamu wa doa langu,
aliyezaliwa na kuvu ya nafaka za nchi za baridi.
Kaboni zake nilizijua kwa moyo, nafasi ya kila moja.
Kazi niliyopewa ilikuwa kushika kandambili zake.

Damu ilikata.
Yule mtoto sasa ananiomba vocha kila Ijumaa.

Kuna jambo sikuwaambia waliokuja kuniaga na soda na keki:
doa halidumu.
Ukiliacha hewani, chungwa linapauka,
kwa hiyo tunalizungushia penseli kabla halijaondoka.
Fungua daftari lolote, Rehani.
Utaona bamba zilizobandikwa kwa gundi,
na juu yake duara, duara, duara,
ndani yake hakuna kitu.

Amini penseli, lakini rudia.
Na ule unga wa juu ya jani,
tafadhali, usiufute.