Figa la Kushoto

Mama, uliuliza mara moja tu,
ukivua mabuti ya kiwanda cha nyama
saa kumi na mbili asubuhi, theluji imegandia dirishani:
"Hiyo kazi yako ya kupiga kelele inalipa nini?"
Nilikuwa nafunga utepe wa buluu nyweleni.
Nikasema, "Sketi wanatoa bure."
Uongo. Sketi niliilipia kwa kuosha magari
mwezi wa tisa, kwenye maegesho ya benki,
na nusu aliilipa Amra bila kuniambia.

Leo nakujibu, ingawa umelala.

Kwanza liondoe hilo neno kelele.
Kelele ni povu. Chini yake kuna hesabu.
Tunahesabu hadi nane, tunarudi moja,
na katika Waterloo nzima, Iowa nzima labda,
ni mimi tu ninayehesabu kwa lugha yako, kimoyomoyo:
moja mbili tatu nne, tano sita saba nane.
Sikia. Mizani nane kwa nane,
na kina kimetua: nne, nane.
Babu, aliyezoea kugonga meza kwa kidole
na kuutupa ubeti wa mtu kwa silabi moja iliyozidi,
hapo asingepata pa kugonga.

Kocha Lindqvist naye ni walewale.
"Umechelewa nusu," ananiambia.
Nusu, Mama,
na nusu hiyo ina uzito wa kilo arobaini na nane.

Uzito huo unaitwa Brynn.
Yeye ndiye chungu.
Amra kulia, mimi kushoto, Odessa nyuma.
Nani amewahi kulisifu figa kwa utamu wa mchuzi?
Soli ya kiatu chake naijua kuliko uso wake:
ufa pale penye kidole gumba,
jojo iliyogandia tangu Oktoba.

Ijumaa ya mwisho tulikuwa tumefungwa
arobaini na moja kwa sita.
Vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine.
Jukwaani walibaki wazazi wachache, mbwa mmoja,
na mpiga ngoma aliyepoteza fimbo.
Zilibaki dakika nne, na kazi yetu
ni kuwaambia waliobaki kwamba dakika nne ni nyingi.
Hatukuamini hata sisi.
Unatabasamu kwanza; imani, ikitaka,
itakukuta njiani.

Magoti, shika, inua,
kiganja chini ya soli,
Amra pumua, pumua,
Odessa, shika kifundo,
haya, mrushe, aende

akaenda.
Juu kabisa, kwenye taa, akawa mdogo na mweupe
kama kitu kilichosahauliwa na mvua.
Kisha bega lake likageuka kabla ya kiuno
na nikajua, kabla yake, anakuja vibaya.

Kuna sauti ndani ya mtu inayosema: kwepa.
Ni sauti yenye akili.
Kiwiko chake kilinipata mdomoni, nikamkumbatia
pamoja na kiwiko.
Alisimama. Akapunga mkono. Mbwa akabweka.
Nilimeza damu, nikahesabu tano,
nikatabasamu na meno mekundu kwa watu waliokuwa
wanatafuta funguo za magari yao.
Amra peke yake ndiye aliyeona. Hakusema kitu,
alisogeza tu goti lake likagusa langu.

Nadhani hiyo ndiyo iliyolipa. Sina hakika.
Labda nitajua nikishakuwa na umri wako,
nikiwa nimesimama usiku kucha katikati ya wanawake
ambao mikono yao naijua kuliko majina.
Kumbe wewe ungeweza kuniambia.

Kitabu cha mwaka kimetoka, nimekiacha mezani
karibu na chupa yako ya chai. Ukurasa wa sitini na mbili.
Brynn yumo mzimamzima.
Sisi tumekatwa na ukingo wa picha,
imebaki soli, na vidole chini yake.
Tafuta kucha iliyotafunwa.

Na sketi iko bafuni. Tafadhali usiianike juu ya hita,
inakunjamana.